"Li" ya gunia: nilivyofundisha kiima na kitenzi cha Kiingereza

"The sack of cloves are wet." Katika madaftari ya Kidato cha Pili niliyokuwa nikisahihisha hapa Wete, kosa la namna hii ndilo lililokula wino mwekundu kuliko yote. Kanuni kwamba kitenzi kikubaliane na kiima wanafunzi walikuwa wameihifadhi. Kiima chenyewe ndicho walichokuwa hawakioni: jicho linanasa "cloves" kwa sababu limekaa jirani na kitenzi.

Nikaweka Kiingereza kando kwanza, wakaiandika sentensi kwa Kiswahili: "Gunia la karafuu limelowa." Hakuna mtoto wa Pemba atakayeandika "gunia la karafuu zimelowa". Basi "li" tunaizungushia duara, tunavuta mstari hadi kwenye nomino yake, na nomino hiyo peke yake ndiyo tunayoigeuza kuwa "he", "she", "it" au "they". Gunia ni "it", na "it" inataka "is". Sentensi kumi kwa siku, si zaidi, maana ikifika ya kumi na tano wanachora duara bila kusoma. "Mmoja wa wavuvi ana ndoano" inatoa "One of the fishermen has a hook", na "Kila mtu anajua" inatoa "Everybody knows", bila kanuni mpya.

Duara halifai kitu kama mtu hajui neno lipi ni kitenzi. Kwa Kiswahili "kavu" na "zinakauka" ni maneno mawili tofauti, lakini Kiingereza kinatumia "dry" kotekote: "The dry cloves smell sweet", kivumishi, "The cloves dry on the mat", kitenzi. Jaribio langu ni kutanguliza "will". "The cloves will dry" inakaa. "The will dry cloves" haikai, kwa hiyo hapo "dry" si kitenzi. Nomino tunaijaribu kwa "the" mbele yake, ingawa hapo tahadhari, kwani "the" hutangulia vivumishi pia.

Halafu ile "s". Kwenye nomino mara nyingi ni alama ya wingi, kwenye kitenzi ni ya umoja: "The boat leaves", "The boats leave". Mwanzoni nilikuwa nasema "s" ni moja tu, nomino na kitenzi wagawane. Inapendeza mdomoni, lakini haidumu. "Children", "people" na "fishermen" ni wingi usio na "s", na kwenye "The bus leaves" zipo mbili. "Maalim, hii s ya bus tuitoe?" Nikaiacha kaulimbiu hiyo, tukarudi kwenye "it" na "they".

"He does not goes" ina dawa fupi: "does" imeshabeba alama, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu, "He does not go". Baada ya "can", "will" na "must" ni vivyo hivyo.

Kuna mahali Kiswahili chenyewe kinapotosha, na bila kusema hivyo mapema mwanafunzi ataona amedanganywa. Maji yamechafuka, lakini "The water is dirty". Maziwa yameharibika, lakini "The milk has gone bad". Nywele zake ni ndefu, lakini "Her hair is long". Habari hizi, lakini "This news". Upande wa pili, mkasi umepotea, lakini "The scissors are lost". Suruali imechanika, lakini "The trousers are torn". Hakuna njia ya mkato: ukurasa wa mwisho wa daftari, safu mbili, kila neno linaandikwa siku linapokosewa. Orodha niliyoiandika mimi ubaoni hawakuisoma. Waliyoijaza wenyewe waliirudia.

Lililonisumbua zaidi ni "kuna". Kuna gunia, kuna magunia: "ku" haisemi ni moja au mengi, ndiyo maana madaftari yalijaa "There is three sacks". Duara hapo halina pa kushika. Sasa sentensi ya "kuna" tunaivunja kwanza: "Lipo gunia moja", "Yapo magunia matatu". "Li" inarudi, "ya" inajitokeza, na "There is one sack" na "There are three sacks" zinaandikika bila kubahatisha.