Kazi ndogo baada ya hamsini ina uzito wa akiba kubwa

Mtu akishavuka hamsini, kila anayemshauri kuhusu fedha humuuliza, "Umeweka akiba kiasi gani?" Mimi huona swali hilo limekuja mapema mno. Kwanza ujue kila mwezi utahitaji kiasi gani na kitatoka mifuko gani. Fungu la pesa, liwe kubwa vipi, halikuambii kitu mpaka uligeuze kuwa miezi.

Anza na matumizi. Chukua taarifa ya benki na ya pesa za simu za miezi mitatu iliyopita, uandike kila kilichotoka. Usikadirie kwa kichwa, kichwa husahau. Halafu yachambue: yapo yatakayokoma siku mshahara unapokoma (nauli ya kazini, ada za watoto, marejesho ya mkopo), yapo yatakayobaki vilevile, na yapo yatakayopanda. Hayo ya mwisho ndiyo huachwa nje, maana meno, miwani, dawa za kudumu na paa linalovuja havitokei katika kila miezi mitatu. Yakadirie kwa mwaka, ugawanye kwa 12, uyaingize.

Tuseme jumla imekuja 100 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote. Kwa mwaka ni 1,200. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipima rekodi za masoko ya nchini kwake na kuona kwamba mstaafu aliyechanganya hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), akatoa 4% ya mtaji (akiba yake yote) mwaka wa kwanza na baadaye kukiongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, mtaji wake ulidumu miaka 30. Hicho ni kipimo cha soko la kule, na mahali penye mfumuko mkali wa bei usikiegemee sana. Kwa hesabu ya haraka kinatosha. Gawanya 1,200 kwa 0.04, unapata 30,000, yaani matumizi ya miezi 300. Wengi wakifika hapa hufunga daftari.

Usilifunge bado. Ingiza pensheni ya kila mwezi, tuseme 40. Pengo sasa ni 60, na mtaji unaotakiwa umeshuka hadi 18,000. Ingiza na kazi ya siku mbili kwa wiki inayoleta 25. Pengo ni 35, mtaji ni 10,500. Kazi hiyo ya siku mbili imebeba mzigo wa 7,500, matumizi ya miezi 75. Mtu wa miaka 55 atapata wateja wawili wa kudumu kwa urahisi kuliko atakavyoweka akiba ya miezi 75 kabla ya kufika 60.

Kazi hiyo haitadumu milele, najua. Lakini faida yake iko katika miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo ya hatari. Chukua mtaji wa 1,000 unaotolewa 50 kila mwaka. Umetoa 50, zimebaki 950, soko likaanguka 20%, sasa una 760. Zile 50 za mwaka unaofuata hazipo tena kwenye 5%, zimekuwa 6.6% ya kilichobaki, na ili urudi kwenye 1,000 unahitaji ukuaji wa karibu 32% bila kugusa hata senti. Anguko hilohilo likija mwaka wa kumi na tano halikuumizi hivyo. Mwenye kipato kidogo cha pembeni huacha kutoa mwaka ule mbaya, akasubiri.

Sasa kazi gani? Usianze na cheo chako, anza na vitenzi. "Mhasibu mkuu" hauzwi popote nje ya ofisi iliyompa cheo hicho. Kufunga hesabu za mwezi, kuandaa ritani za kodi, kumfundisha karani kulinganisha daftari na benki: hivyo vina wanunuzi. Fundi umeme mwenye uzoefu wa miaka thelathini anaweza kuacha kupanda ngazi akawa mkaguzi wa kazi za mafundi wengine kabla nyumba haijapigwa lipu. Chuja kila wazo kwa mwili wako pia, kwa magoti, mgongo na macho, na ujiulize kama utaliweza ukiwa na miaka 68. (Umri wa kustaafu nao haukushuka kutoka mbinguni. Ujerumani ilipotunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889 iliweka miaka 70, ikaishusha hadi 65 mwaka 1916.)

Tafuta wateja watatu wanaolipa kabla hujaacha ajira, mradi mkataba wako unaruhusu. Wanaosema "wazo zuri sana" usiwahesabu. Hesabu aliyelipa, na zaidi aliyelipa mara ya pili.

Kwenye bei ndipo waajiriwa wa zamani hujikata wenyewe. Anachukua mshahara aliokuwa nao, anaugawa kwa siku 22 za kazi, na hiyo ndiyo bei yake ya siku. Anayejitegemea halipwi siku 22. Kuna siku za kutafuta kazi, za kuandika makadirio ya gharama, za kufuatilia malipo, za kuugua. Hata ukijitegemea wiki nzima, panga kwa siku 12 zinazolipwa kwa mwezi. Kama unataka 60 mkononi kwa mwezi na gharama zako (usafiri, vifaa, kodi, bima) ni 12, jumla ni 72. Gawanya kwa 12, bei ya siku ni 6. Yule mwenzako wa 22 angesema 2.7, na baada ya miezi sita angelalamika kwamba kujitegemea hakulipi. Andika makubaliano hata kama ni ukurasa mmoja: kazi inaanzia wapi na kuishia wapi, malipo ya awali ya 30% hadi 50%, na tarehe ya kumalizia deni. Bila ule mstari wa "kuishia wapi", mteja ataongeza vijikazi mpaka siku mbili ziwe tano.

Siku hizo zichague na uzishike, kwa mfano Jumanne na Alhamisi. Ajira ikiisha, pesa haiondoki peke yake. Inaondoka pia sababu ya kuamka, na watu wa kukuuliza unaendeleaje na ile kazi. Wanaosema "nitafanya nikijisikia" huwa hawajisikii. Kazi ya kujitolea nayo ina thamani yake, ila ipe siku yake tofauti. Ukiichanganya na ya kulipwa, kila mtu atataka ile ya bure.

Kuhusu mafao ya mkupuo, yaani fungu unalolipwa kwa mara moja ukistaafu, nitakuwa mkali. Yakiingia, yaache siku 90 kwenye akaunti salama, na usitangaze. Kisha yatenge: matumizi ya miezi 12 kwenye akaunti ya kutolea, ya miaka mitatu hadi mitano kwenye hatifungani za serikali au amana za muda maalumu zinazoiva kwa kupishana, moja kila mwaka, na kinachobaki ndicho cha kukuzwa kwa muda mrefu. Agiza benki ikuhamishie kiasi kilekile kila mwezi kama mshahara. Fungu la kukuzwa ni la lazima kwa sababu ya bei: gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko, unapata miaka ambayo bei zitachukua kuwa mara mbili. Kwa 6% ni miaka 12. Aliyestaafu na miaka 60 atanunua kwa bei maradufu akiwa na miaka 72.

Yanayoyamaliza mafao yanajulikana. Biashara kubwa katika fani usiyoijua. Kumdhamini ndugu mkopo. Nyumba ya kupangisha iliyomeza fungu lote, kwa hesabu iliyodhani wapangaji hawatahama: weka kodi ya miezi 10 tu kwa mwaka, toa matengenezo na ushuru, ndipo ulinganishe na hatifungani. Na "uwekezaji" wa 10% kwa mwezi. Faida hiyo ikiachwa nayo izae faida kila mwezi, baada ya miezi 12 ni zaidi ya mara tatu ya ulichoweka. Hakuna biashara halali inayotoa hivyo kwa uhakika kwa kila mtu. Wa zamani wanalipwa kwa pesa ya wapya.

Mkopo wowote upangwe uishe miaka miwili kabla ya mshahara wa mwisho. Na miezi sita kabla, jaribu kuishi kwa kile utakachokuwa nacho baadaye, tofauti iende akiba. Pengo lisilozibika litajionyesha ungali na muda.

Karatasi usizingoje mwisho. Omba taarifa ya michango kutoka mfuko wako wa pensheni sasa hivi, uilinganishe mwezi kwa mwezi na hati zako za mshahara. Utakuta miezi ambayo makato yalifanyika lakini mchango haukufika, jina lililokosewa herufi, au tarehe ya kuzaliwa tofauti na ya kitambulisho. Mwajiri akiwa bado yupo, ni barua moja na nakala ya hati. Akishafunga ofisi, ni miaka ya kufuatilia. Angalia pia fomu ya wanufaika: wengi waliijaza wiki ya kwanza ya ajira wakiwa hawajaoa wala kuolewa, na jina lililoandikwa pale ni la mzazi ambaye alishafariki.