Stempu ya Bessie Coleman

Chake Chake, Jumapili usiku

Katika albamu aliyoniachia marehemu ami, stempu ninayoirudia kila mara ni ya Bessie Coleman, ya senti 32, iliyotolewa Marekani mwaka 1995. Bibi amevaa kofia ya ngozi na miwani ya urubani. Vijino vya pembeni mwa stempu vyote vipo, ila mhuri wa posta umempita kidevuni, na wino wake bado mweusi. Ami hakuiroweka majini kuibandua. Aliikata pamoja na kipande cha bahasha, na leo nimeiacha hivyo hivyo.

Coleman alizaliwa Texas mwaka 1892. Skuli za urubani za kwao zilimkataa kwa kuwa ni mweusi, tena mwanamke. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na Juni 15, 1921 akapewa leseni yake ya urubani huko Ufaransa. Alifariki 1926, ana miaka 34, alipoanguka kutoka ndegeni Jacksonville, Florida.

Ukurasa unaofuata yupo Lindbergh, rubani wa Kimarekani, stempu ya senti 10. Alitua Paris Mei 21, 1927, na stempu ikatoka Juni 18. Hata mwezi haukutimia! Desturi ya posta ya Marekani ilikuwa kutoweka sura ya mtu aliye hai, basi wakachora ndege yake na jina lake wakaliandika. Simnyimi haki yake. Kuvuka Atlantiki peke yako, saa 33 na zaidi bila usingizi, si jambo dogo. Lakini tangu Coleman apate leseni hadi sura yake ibandikwe kwenye barua ilipita miaka 74, na hilo linaniuma.

Wapo watakaosema mambo ya posta yana taratibu zake, huchukua muda. Mimi sikubali, na ushahidi ninao humu humu ndani ya albamu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar haikungoja stempu mpya zichapishwe. Zilichukuliwa zile zile zenye picha ya Sultani zikagongwa mhuri kwa mkono: JAMHURI 1964. Yangu imegongwa upande, herufi zimelala, na herufi ya mwisho imekaribia kutoka nje ya karatasi. Naipenda kwa upande wake huo, maana unauona mkono wa mtu aliyekuwa na haraka.

Kwa hiyo, watu wakitaka, stempu hutoka. Laiti ningeulizwa, ningependekeza marubani wa ndege ndogo za Unguja na Pemba, wanaume kwa wanawake, hawa wanaotupeleka hospitali na mazikoni kwa muda wa nusu saa tu. Tena wawekwe wakiwa hai, waweze kuibandika wenyewe kwenye barua ya mama zao.