Wati 130

Chumba chetu cha seva Goma kilikuwa na kuta za mawe ya volkano, yale meusi yenye vitundu ambayo mitaa mingi ya mji imejengwa nayo. Hakikuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa wa chuma, na ukiingia kutoka juani ulilazimika kusimama kidogo mpaka macho yazoee. Nilifanya kazi humo tangu 2022. Usiku wa Jumapili, tarehe 26 Januari 2025, tulilala humo watu kumi na saba.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kwetu Mkongo si mgeni. Ziwa Tanganyika ni letu sote, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko pale Kasulu tangu 1996. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kusimamia mitambo ya kompyuta ya shirika dogo la afya Goma, nilibeba begi langu nikaenda. Mama aliniuliza kitu kimoja tu: "Huko vita vimekwisha?" Nikamjibu kwamba viko mbali na mji. Hakusema neno, ila tangu siku hiyo akawa anapiga simu kila jioni baada ya magharibi.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Tulikuwa na seva tatu. Ndani yake zilikuwa zinaishi mashine pepe kumi na tisa: ya stoo ya dawa, ya mafaili ya wagonjwa, ya mishahara, ya barua pepe, na nyingine nyingi ndogo ndogo. Mashine pepe ni kompyuta kamili isiyo na mwili wake. Inaazima prosesa na memori ya seva iliyoibeba, lakini ukiitafuta kwenye diski utakuta ni faili tu, na faili unaweza kulizima hapa ukaliwasha mji mwingine. Seva moja ikichoka, mashine zake unazihamishia kwa jirani yake na muuguzi anayeandika hajui kama kuna kilichohama. Kila usiku, yaliyobadilika mchana yalinakiliwa yakapelekwa Nairobi. Wengi huniuliza kwa nini tusingeweka kila kitu huko huko Nairobi tukapumzika. Ni kwamba intaneti ya Goma ilikatika hata siku za utulivu, na mgonjwa anayevuja damu hawezi kuambiwa asubiri mtandao.

Mwenzangu wa kila siku alikuwa fundi wa jenereta, mzee wa Goma ambaye sote tulimwita Papa. Nyumba yake ya kwanza ilimezwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, lava ilipokata mji katikati mpaka Ziwa Kivu. Mei 2021 volkano ilipolipuka tena, alikimbia na familia yake kuelekea Sake. Wiki yangu ya kwanza alinionyesha kilipo kila kitu, kisha akasema, "Hapa Goma, mutoto yangu, kitu chenye hauwezi kubeba, usikipende sana." Nililishika neno lile, na ndilo lililonifanya nisisitize kwamba nakala zetu zisilale Goma peke yake.

Sehemu ya umeme wa Goma ilitoka Matebe, kwenye mitambo ya maji kule Rutshuru, na nyaya zake zilipita katikati ya maeneo ya mapigano. Tulikuwa tunaliona hilo tatizo. Niliomba betri za lithiamu mara mbili, na mara mbili nikajibiwa kwamba bajeti ya mwaka imeshafungwa. Mara ya tatu nilipewa nusu ya nilichoomba. Betri zilivuka mpaka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, na kutoka barabarani hadi zahanati vijana wawili walizileta kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za Goma zisizo na pedali, zimefungwa kwa mpira wa tairi. Nilitembea pembeni yake nimeweka mkono juu ya boksi kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Jumanne ya tarehe 21 Januari mji wa Minova ulianguka mikononi mwa waasi wa M23. Alhamisi mapigano yakawa Sake, kilomita kama ishirini na tano kutoka mjini, na mizinga tukaanza kuisikia tukiwa mezani. Watu wa kambi ya Kanyaruchinya walianza kuingia mjini na magodoro kichwani. Kisha umeme ukakatika, na maji yakafuata, kwa sababu pampu za maji nazo zinataka umeme. Watu wakarudi ziwani na madumu. Papa alikuja kunitafuta mlangoni.

"Mazutu inabakia ya siku mbili," akasema. Mazutu ndiyo dizeli. "Na chumba ya operesheni inaomba yote."

Hapo ndipo nilipokaa chini na kalamu. Seva tatu, swichi ya mtandao na dishi la setilaiti vilikula kama wati 1,000. Betri zetu zilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 9.6, na sikutaka kuzimaliza zaidi ya asilimia 80. Hiyo ni saa saba na dakika arobaini, basi. Nikapiga hesabu ya pili: kompyuta ndogo moja niliyokuwa naifanyia majaribio, ukubwa wake kama Msahafu, inakula wati 40. Dishi wati 75. Swichi ndogo wati 15. Jumla 130. Kwa betri zile zile, saa 59.

Ofisi kuu ilikuwa imetuma ujumbe kwamba mifumo yote ibaki hewani. Naamini aliyeuandika alikuwa na nia njema, ila hakuwa amekaa na Papa na kile kijiti cha kupimia dizeli. Nilijibu kwamba naacha mashine pepe moja tu, ya stoo ya dawa, na nyingine kumi na nane nazizima kwa utaratibu. Siku hizo hizo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa inatoa tahadhari kuhusu maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Goma, ambayo ina sampuli za virusi vikiwemo vya Ebola, umeme ukikosekana. Mji mzima ulikuwa unapima wati.

Mashine ya mafaili ya wagonjwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Katika zahanati yetu walikuwa wanatibiwa wanawake waliobakwa, wengi wao kutoka kambini, waliokamatwa walipokwenda kutafuta kuni. Majina yao, vijiji vyao, siku lilipotokea, na wakati mwingine sare aliyoiona mwanamke, vyote vilikuwa mle. Taarifa za namna hii mtu anaweza kuuawa kwa ajili yake hizo. Januari 2022 iligundulika kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva za Kamati hiyo hiyo ya Msalaba Mwekundu wakafikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na ndugu zao na vita. Na hao wadukuzi walikuwa mbali. Kwetu sisi, wenye bunduki walikuwa wanakuja kwa miguu.

Diski ya mashine yetu ya mafaili ilikuwa imesimbwa fiche, yaani haisomeki bila ufunguo, na ufunguo wake haukuwa Goma. Ulishikwa na watu wawili Nairobi, kila mmoja nusu yake. Mashine hiyo ikizimwa, hakuna mtu ndani ya zahanati anayeweza kuifungua, mimi nikiwa wa kwanza. Tulipanga hivyo makusudi mwaka 2023, kwa sababu mtu akikuwekea bunduki kichwani akataka neno la siri, ni salama zaidi kwako na kwa wote ukiwa kweli huna. Lakini ukishaifunga, umewafungia pia madaktari. Dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa zinaanzwa ndani ya saa 72 na zinamezwa siku 28. Kila mwanamke yuko siku yake: huyu ya 5, yule ya 19. Ukipoteza hesabu, umempoteza.

Nilimwendea muuguzi mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Nikamweleza kwamba nikibonyeza hapa, faili hazifunguki tena mpaka Mungu ajue lini. Aliniuliza, "Unaweza kunitolea namba za kadi na siku ya dozi, bila jina?" Nikamwambia naweza. Printa ilitoa kurasa mbili. Namba, tarehe, namba, tarehe. Alizikunja mara nne akazifunga kwenye ncha ya kitenge chake pale wanapofunga pesa, akasema, "Sasa zima."

Nikazima. Zinazimwa kwa zamu: kwanza zile za programu, halafu hifadhidata, halafu zile ambazo wengine wote wanazitegemea kuingilia, mwisho seva zenyewe. Feni zikashuka sauti moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimezoea kelele ile kiasi kwamba kimya kilinishtua.

Jumapili usiku risasi ziliingia mjini. Chumba cha seva ndicho pekee kilichokuwa na ukuta wa jiwe pande zote, basi wauguzi waliokuwa zamu, wagonjwa walioweza kutembea, na akina mama watatu waliojifungua wiki ile wakaja humo. Goma kuna baridi usiku, na seva zikiwa zimezimwa sakafu ilikuwa kama barafu. Tuliwatandikia maboksi ya kompyuta. Mama mmoja aliegemea kabati la seva na mtoto wake amemfunika kwa koti langu.

Na usiku huo huo mashine ya dawa ikagoma. Ile kompyuta ndogo ilijizima, nadhani waya ulivutwa na mguu wa mtu gizani, na ilipowaka diski yake ikawa haisomeki. Nakala ya hivi karibuni ilikuwa kwenye seva ya pili. Nikaiwasha hiyo moja peke yake, nikaagiza mashine iamke, ikakataa. Nilijua kwa nini kabla sijasoma ujumbe: akidi haijatimia. Klasta ya seva tatu, yaani seva zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, ni kama kikao cha kijiji. Mmoja akifika peke yake hawezi kupitisha uamuzi, kwa sababu huenda wenzake wawili wamekaa kwingine wanaamua kinyume, na data ikaandikwa mara mbili ikaharibika. Ni sheria nzuri sana, na nimewahi kuona walioidharau wanavyolia. Lakini usiku ule nilikuwa nawajua wajumbe wawili walipo. Walikuwa wamezimwa, mwanamke na kichanga chake wamewaegemea.

Niliandika amri ya kuiambia seva kwamba leo kura inayotarajiwa ni moja: `pvecm expected 1`. Mikono ilikuwa inatetemeka nikakosea herufi mara mbili. Papa alinishikia tochi ya simu, kiganja chake amekizungushia mwanga usivuje mlangoni. Mashine ikaamka. Nikaihamishia kwenye diski ya akiba niliyokuwa nayo mfukoni, nikaipachika kwenye kompyuta ndogo, nikazima seva. Ilichukua dakika arobaini na betri zikashuka asilimia tatu. Saa kumi alfajiri daktari wa upasuaji aligonga mlango kuuliza ketamini, dawa ya usingizi, imebaki chupa ngapi na ziko stoo ipi. Nilimjibu papo hapo.

Jumatatu M23 walitangaza kuuteka mji, lakini risasi hazikuisha siku ile wala iliyofuata. Yaliyoonekana barabarani sitayaandika hapa. Wapo walioyaandika, na wapo waliofiwa ambao hawahitaji kuyasoma kwangu.

Maghala mengi ya mashirika yaliporwa. Ofisi yetu ya mjini nayo ilivunjwa, na pamoja na viti, magodoro na vyoo vya kauri, walichukua seva ndogo ya nakala iliyokuwa pale. Nilipopewa habari hiyo nilikaa kwenye ngazi nikapitia kichwani kila nilichokifanya kwenye ile seva tangu siku nilipoifunga: diski imesimbwa, ndiyo, ufunguo hauko kwenye flashi yoyote, ndiyo, karatasi ya neno la siri niliichoma, ndiyo. Nikarudia tena kutoka mwanzo. Nadhani nilirudia mara tano. Walichobeba ni chuma, lakini moyo wangu ulikubali baada ya siku nyingi.

Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, benki zimefungwa, na mazutu ya magendo bei yake haitajiki. Tulikaa kwenye wati 130 siku kumi na moja, tukichaji betri saa mbili kila asubuhi wakati jenereta inawashwa kwa ajili ya upasuaji. Mama alinipata siku ya nne. Hakuuliza kitu, alisema "Alhamdulillahi" mara nyingi mpaka salio likaisha.

Umeme ulipotulia, Nairobi walikaa wawili, kila mmoja akatoa nusu yake, na ile mashine ya mafaili ikafunguka. Muuguzi mkuu alikuja na kurasa zake mbili. Zilikuwa zimelowa jasho, mikunjo imekatika, na pembeni ya kila namba kulikuwa na alama za kalamu ya risasi, moja kwa kila siku mwanamke aliyofika. Alikaa kwenye kiti changu, akavaa miwani, akaanza kuingiza namba moja moja. Kwenye baadhi ya namba alama ziliishia katikati. Hizo aliziandika upya kwenye daftari, na kabla ya saa nane mchana alikuwa ameshamwita Papa washike njia ya kambi ya Bulengo kwenda kuwatafuta.