Povu Pembeni mwa Trela

Papa alikuwa nje na ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya rangi. Mimi nilikuwa ndani ya trela nikiziba nyufa za mlango kwa utepe, na jirani, mwenye ile mashine ya kupuliza majani tuliyoazima, akituchungulia juu ya ua kama watu wanaotaka kulipua kitu. Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba 2018, Portland, jimbo la Oregon, ambako mvua ikianza mwezi huo haina habari ya kwisha mpaka Mei.

Trela lenyewe lilikuwa la mwaka 1963, futi 14, limeviringika mgongo kama boflo. Nililinunua dola 900 kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inaumeza mshahara wangu, na mwaka mmoja nyuma jiji lilikuwa limetangaza kwamba halitawasumbua tena wanaolala kwenye trela zilizoegeshwa viwanjani mwa nyumba za watu. Kiwanja kilikuwa cha huyo Papa, seremala mzee wa Uvira, Kongo.

Kiangazi chote tulikuwa tukilivua nguo. Trela za aina ile zina fito nyembamba za mbao, nje zimevikwa bati la alumini, ndani plaiwudi. Tulipobandua bati la mbele, fito nne zilimong'onyoka mkononi mwa Papa kama keki iliyolala, na kwenye pamba ya kioo panya walikuwa wamejenga mtaa. Nikampigia baba simu ya video, yuko Matondoni, Lamu, ambako umri wake wote umeishia kwenye majahazi. Akazitazama zile fito zilizopinda, akacheka.

"Hayo mataruma. Wamepindua mashua wakaitia magurudumu."

Basi tukaziita mataruma, jina la mbavu za chombo, hata Papa. Tukachonga mapya kwa kufuatisha mabovu, tukarudisha bati, nikahamia.

Mvua ya kwanza ikanilowesha godoro. Nilikuwa na hakika ni kile kidirisha cha hewa paani, maana tone lilidondoka karibu yake. Nikapanda na silikoni ya kuzibia. Mvua ya pili, godoro lilelile. Nikapanda tena. Nilipomweleza baba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wakalafati panapotona? Maji huingia kwingine, yakafuata taruma, yakatona yapendapo."

Sawa, lakini hiyo kwingine ni wapi? Papa ndiye aliyepata dawa. "Hujaonaka vile banatengenezaka kinga?" Kinga kwao ni baiskeli. Alikuwa anazungumzia pancha: fundi hujaza mpira upepo, akauzamisha kwenye karai, akangoja mapovu. Trela halizamishwi kwenye karai, lakini linaweza kujazwa upepo.

Tukaingiza mdomo wa mashine dirishani, tukaziba pembeni kwa kadibodi, tukawasha. Kuta zikatutumka kidogo. Papa akapaka sabuni kidirisha cha paani nilichokuwa nimekilaumu wiki nzima: kimya, hata povu moja. Akapaka taa za nyuma. Kimya. Alipofika pembe ya mbele kushoto, chini ya ule ukanda wa alumini unaofunika maungio, povu likafura kama maziwa yanayotaka kumwagika.

Nilitoka nikaona, nikajua. Pembe ile niliifunga peke yangu usiku, utepe wa butili, ule mpira unaonata wa kuzuia maji, umeniishia, dukani kumefungwa. Nikajazia silikoni na sikumwambia mtu.

"Huku ni nani alifanyaka?"

"Mimi, Papa."

"Hm."

Hiyo "hm" bado ninayo. Silikoni haipendi mwenzake; juu yake hakishiki kitu kingine. Siku mbili nilikuwa nikikwangua kwa kisu na spiriti, kila tundu la skrubu, mpaka ncha za vidole zikachubuka. Safari hii utepe ulitosha.

Alhamisi usiku ikanyesha ya kweli. Saa nne nilikuwa nimelala na tochi kifuani, nikipapasa godoro kila baada ya dakika chache. Kavu. Nikampigia baba, kwao saa mbili asubuhi, nikaielekeza simu darini asikilize. Akasikiliza kitambo.

"Ati huko nako mwaezeka bati?"