Tangu Siku ya Kwanza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekaa kwenye Danieli 10. Danieli ameomboleza majuma matatu mazima, ndipo anaambiwa kwamba tangu siku ile ya kwanza "maneno yako yalisikiwa". Siku ya kwanza! Na aliyetumwa kwake alizuiliwa njiani siku 21.

Nikamkumbuka mama mmoja niliyemhudumia wodini, mguu umemvimba kwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Tulimwanzishia vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Siku ya pili jioni akanishika mkono: "Mwanangu, mbona sioni kitu? Niongezee hata kimoja."

Dawa ilikuwa imeshaingia. Warfarini hujaa kwenye damu ndani ya saa chache tu baada ya kumezwa. Ila haizigusi protini za kugandisha damu ambazo ini limeshazitengeneza. Inachofanya ni kuizuia vitamini K isilisaidie ini kutengeneza nyingine zenye nguvu. Zile za zamani zinaendelea kuzunguka mpaka ziishe zenyewe: mojawapo hupungua nusu kwa saa 6 hivi, lakini nyingine, iitwayo protrombini, huchukua siku 2 hadi 3. Kidonge cha ziada jioni ile kisingemsaidia kitu usiku huo. Madhara yake yangejitokeza siku za mbele, kwa kuvuja damu.

Mwaka jana nilimsamehe ndugu yangu, kwa magoti na machozi. Nilisamehe kweli. Kesho yake nikasikia sauti yake kwenye simu, kifua kikabana vilevile. Nikajiona mnafiki, nikarudi kuomba upya kana kwamba sikusikiwa. Sasa naamini chemchemi ya uchungu ilizibwa siku ileile. Uliokuwa ukinibana ni ule wa zamani, haujaisha mwilini.

Na yule mama hatukumwacha angoje hivihivi. Alichomwa sindano za heparini, ambayo hufanya kazi upesi, zimlinde siku zile vidonge havijashika. Kwangu mimi, sindano hiyo ilikuwa dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi. Alinipigia kila jioni, hakuniuliza hata mara moja kama nimeshapona.

Siku ya sita majibu ya INR, kipimo cha maabara cha kuganda kwa damu, yalitulia palipotakiwa, kati ya 2 na 3, kwa siku ya pili mfululizo. Tukasimamisha sindano. Mama akauliza kama na vidonge aache. Nikamwambia bado, mama. Akapokea maji, akameza.