Wiki ya 9: mguu mmoja umekubali

Jana usiku nimevuta ule mpira mkubwa wa mazoezi, wa kujazwa upepo, kwa mguu mmoja mara 5, kulia na kushoto, bila nyonga kushuka. Nimefurahi hadi nikashindwa kulala.

Miguu miwili ilinikubali tangu wiki ya 3: chali, visigino juu ya mpira, nyonga juu, vuta, rudisha, seti 3 za 12. Mguu mmoja ndio ulionitesa. Nikivuta tu, mpira unakimbilia kushoto, nyonga inapinda, na msuli wa nyuma ya paja unakaza ghafla hadi nauma meno. Wiki tano nzima nililala nimekasirika.

Nilishuku upepo kwanza. Mpira wangu ni wa kipenyo cha sentimita 65, kwa hiyo ukijaa sawasawa mzingo wake ni kama 204. Futi ya fundi cherehani huishia 150, nikazungusha uzi kisha nikaupima: 192. Nilikuwa navuta mpira wa 61! Baridi hii ya Julai ina mchango wake, ila mkosaji mkuu ni kizibo, kinavujisha polepole. Na hapa niseme: msihangaike na pampu ya baiskeli. Ile imeundwa kusukuma upepo kidogo kwa nguvu nyingi, na mpira huu unataka upepo mwingi kwa nguvu kidogo. Pampu ya kukanyaga, ya magodoro ya upepo, ndiyo dawa.

Nikajaza, na hali ikawa mbaya zaidi. Mpira mgumu hugusa sakafu padogo, ukaanza kunitoroka kwenye vigae. Kuhamia kwenye kapeti kulisaidia, lakini msuli ukaendelea kukaza vilevile.

Ndipo nikaacha kuulaumu mpira. Msuli wa nyuma ya paja una kazi mbili, kukunja goti na kunyoosha nyonga. Makalio yangu yalikuwa yamelala, kwa hiyo msuli huo ulibeba zote mbili peke yake. Lazima ungekaza! Nikarudi nyuma hatua moja: nabana makalio kwanza, navuta kwa miguu miwili, nainua mmoja, narudisha kwa ule uliobaki kwa sekunde 4. Msuli huhimili mzigo mkubwa zaidi ukiwa unarefuka kuliko ukiwa unavuta, kwa hiyo hata asiyeweza kuvuta kwa mguu mmoja anaweza kurudisha. Binti yangu wa miaka saba ndiye mhesabu. Nikiharakisha ananiambia, "Baba, hiyo ilikuwa mbili, rudia." Mara 6 kila mguu, siku tatu kwa wiki, wiki mbili na nusu. Mpira ukaacha kukimbia wenyewe.

Mpango ulikuwa wiki hii nianze pushapu, miguu ikiwa juu ya mpira. Umesubiri, maana jana nikipumzika sakafuni niliitazama mitungi yetu. Huku Umoja, Nairobi, maji huja kwa zamu, kwa hiyo haikosi kujaa, na lita 20 ni kilo 20. Mabega juu ya mpira, mpira umebanwa kwenye pembe ya ukuta, mtungi juu ya nyonga umefungwa blanketi, kisha nasukuma nyonga juu. Leo jioni naanza na ule wa lita 10, ambao kifuniko chake nakiamini.