Choe Yong-gon, mwanajeshi mwenye alipewa chama cha wengine

Jana usiku huku Kadutu umeme ulikatika, tukabakia na buji moja mezani, nikamuelezea papa maisha ya Choe Yong-gon. Alizaliwa 1900 Korea, akaenda China akafundisha kwenye shule ya kijeshi ya Whampoa, 1927 akaingia mu maasi ya Guangzhou, kisha akapigana na Wajapani Manchuria miaka na miaka. Mimi chenye kinaniuma ni 1946: Cho Man-sik, mukristo mwenye watu walimupenda sana, amefungiwa, na chama chake cha siasa anapewa Choe, mukomunisti kabisa! 1948 Choe akakuwa waziri wa ulinzi wa Korea ya Kaskazini, 1957 mpaka 1972 mukubwa wa presidium ya bunge, ni kusema kamati ya juu ya bunge. Papa akanyamaza, akakata utambi wa buji na kucha, akauliza: "Mama, na ule Cho, walimuachilia?"

Hapana, papa. Hakurudia.